Nilivyojifunza Kutupa Shoka



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), napenda kueleza jambo ambalo limenenwa sana katika vijiji vyetu vya Muleba, hata likafika Bukoba mjini kabla mimi mwenyewe sijafika. Yasemwa kwamba maalim fulani, mtu wa miaka 54, mwenye mvi kidevuni, ameacha kusomesha Kurani na sasa anashinda rweyani akitupa mashoka pamoja na vijana. Wako waliocheka, na wako walioghadhibika; na mzee mmoja alinisimamisha sokoni akaniuliza taratibu kama nyumbani kwangu kuna amani. Maalim huyo ni mimi. Mashoka nimeyatupa kweli, Kurani sijaiacha, na nyumbani, alhamdulillahi, kuna amani. Lakini habari ikisimuliwa nusu huwa mbaya kuliko uwongo mzima, na kwa hiyo nimeona yanipasa kuieleza yote, pamoja na lile kosa langu ambalo wasimulizi wengi hawalijui.

Mimi si mwanachuoni. Nimesoma chuoni kwa wazee wetu, na shule nikaishia darasa la saba. Kazi yangu kwa miaka 30 imekuwa kuwafundisha watoto alifu na be, kisha juzuu, kisha sala na adabu. Na katika miaka hiyo yote, nikiulizwa wajibu wa maalim ni nini, nilijibu kwamba ni kumwonya mtoto na haramu. Jawabu hilo si baya. Walakini mwaka huu nilifunzwa kwamba ni nusu ya jawabu, na aliyenifunza alikuwa mwanafunzi wangu mwenyewe.

Kijana huyo, ambaye jina lake halina haja kutajwa, alihifadhi kwangu juzuu 10 kabla hajatimiza miaka 15. Sauti yake ilikuwa nzuri mno, hata wanawake waliokuwa wakipalilia vibanja vyao karibu na madrasa walikuwa wakisimama kumsikiliza. Kisha akaanza kukosa siku moja, siku mbili, mwezi. Mwisho akawa haji kabisa. Alasiri moja nilikuwa nikipita kwenye maduka ya kando ya barabara kuu, nikamwona amesimama mbele ya moja ya zile mashine za kamari zilizoenea siku hizi mpaka vijijini, zinazomeza sarafu na kuwaka taa za rangi rangi. Alikuwa akiilisha fedha za kahawa ya baba yake. Nikamwita kwa jina lake. Nilidhani atakimbia au ataficha mkono, lakini hakufanya hivyo. Aligeuka, akaniamkia kwa adabu, kisha akasema: “Maalim, ulitufundisha kwamba hili ni haramu na lile ni haramu, nami nakubali. Sasa niambie, lililo halali la kufanya saa kumi jioni ni lipi?”

Ndugu zangu, sikuwa na jawabu. Nikamwambia, “Njoo msikitini.” Akasema, “Nikimaliza kusali Alasiri, mpaka Magharibi nifanye nini?” Nikamwambia aogope Mungu, nikaondoka, na nilipokuwa nikienda nilijua kwamba nimekimbia mimi, si yeye.

Usiku ule nilikumbuka jambo la zamani. Kijana yuyu huyu alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, yeye na wenzake walikuwa na mchezo ambao sisi sote tuliolelewa katika migomba tunaujua. Mtoto mmoja hukata kipande cha shina la mgomba, mviringo kama gurudumu, akakibiringisha kwenye mteremko. Na wenzake waliojipanga kando hukitupia vijiti vilivyochongwa ncha, kila mmoja akitaka chake kichome. Mimi niliucheza, na baba yangu aliucheza. Lakini siku ile walikuwa wakicheza nyuma ya madrasa, nami nikachelea macho yao. Basi nilitoka na bakora, nikavikusanya vile vijiti, nikavivunja kimoja kimoja juu ya goti langu mbele yao. Sikuwaonyesha mahali pengine pa kuchezea, wala sikuwafundisha namna ya kucheza bila ya kudhurika. Nilivunja tu, nikarudi ndani nikiridhika kwamba nimefanya wajibu wangu.

Mwezi uliofuata akaja kunitembelea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, afanyaye kazi Toronto katika nchi ya Kanada. Nikamwuliza vijana wa huko hufanya nini jioni. Akanitajia mpira, akanitajia kuteleza juu ya barafu, kisha akaniambia, “Na wengine, mjomba, hutupa mashoka.” Nikadhani ananitania. Akaniapia kwamba watu hulipa fedha zao, wafanyakazi wa ofisi moja kwa pamoja, au jamaa wa nyumba moja, wakaenda kwenye jumba maalumu kurusha mashoka madogo kwenye mbao. Alinieleza kwamba mchezo huo, kwa namna unavyochezwa sasa, ulianzia huko huko Toronto mwaka 2006, ambapo mtu mmoja aitwaye Matt Wilson aliwakusanya rafiki zake katika ua wa nyumba wakawa wanashindana. Watu wakazidi, ua ukawa hautoshi, wakahamia katika majumba. Mchezo ukaenea Kanada, ukaingia Marekani na Ulaya, na mwaka 2017 likaundwa shirikisho lenye kanuni zijulikanazo. Mtupaji husimama futi 12 kutoka kwenye ubao, ambazo ni kama hatua tano za mtu mzima. Ubao huchorwa duara ndani ya duara. Na katika shindano kila mtu hutupa mara 10, zikahesabiwa alama zake.

Nilicheka sana. Nikasema, “Kweli dunia ina mambo! Bibi yako alipasua kuni miaka 60 wala hakuna aliyemlipa, na hao wanatoa fedha ili washike shoka!” Mpwa wangu naye akacheka, lakini akasema neno lililonibakia moyoni. Alisema: “Mjomba, huko watu hukaa katika nyumba moja ghorofa juu ya ghorofa bila ya kujuana. Hawalipii shoka. Wanalipia kusimama pamoja na wenzao, mmoja akikosa wote wacheke, akipata wote wafurahi.” Akaongeza kwamba majumba mengi ya namna hiyo huuza pombe, na yeye na Waislamu wenzake walilitafuta lile lisilouza ndipo wakaenda.

Siku tatu nilifikiri. Kisha nikafungua vitabu vyangu vichache, na nikaona niliyokuwa nimeyasoma mara nyingi bila ya kuyatia maanani. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kutupa mishale, akawahimiza watupe, akawakumbusha kwamba mzee wao Nabii Ismail alikuwa mtupaji. Imepokewa vile vile kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina siku ya Idi, na Bibi Aisha akawatazama akiwa nyuma ya Mtume. Na kwamba Sayyidna Umar alipoingia akainama kuokota changarawe awatupie, Mtume alimwambia awaache. Hapo nilifunga kitabu, kwani nilijiona mimi mwenyewe nimeinama, nimeshika vile vijiti vya watoto juu ya goti langu, wala hapakuwa na mtu wa kuniambia niwaache.

Lakini kwa kuwa elimu yangu ni ndogo, nilichelea kujitolea fatwa mwenyewe. Nikapanda basi asubuhi, tukapita Muhutwe, tukapita Kemondo, mpaka Bukoba mjini, kwa sheikh mmoja niliyesoma kwake zamani. Nyumba yake bado ina ufa ukutani wa lile tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, na husema hataki kuuziba wote, upate kumkumbusha. Nikamweleza shida yangu. Hakucheka. Akanieleza kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameunganisha na mshale mikuki na mawe na kila kitupwacho chenye manufaa vitani, na kwamba yeye haoni ubaya katika shoka likitupwa kwa mafunzo na furaha, maadamu halimpitishi mtu wakati wa sala, halina dau, wala halilengi kilicho hai, kwani Mtume amewalaani wafanyao kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Mwisho aliniuliza neno moja: “Na watoto watasimama wapi?” Nikamjibu haraka kwamba hilo nitalitazama. Nikambusu mkono, nikaenda zangu kituoni, nimejaa furaha kwa ile ruhusa, na lile swali nikaliacha pale pale barazani kwake.

Jumamosi iliyofuata, baada ya sala ya Alasiri, tulikutana rweyani, kwenye uwanda wa majani ulio juu ya kijiji, mahali ambapo siku ya jua huonekana maji ya ziwa. Tulikuwa vijana 11 na wazee watatu. Tulikuwa tumesimamisha kipande kikubwa cha gogo la msonobari juu ya vigingi viwili, uso wake uliokatwa ukitutazama, nikauchora duara kwa mkaa. Mashoka tuliyaazima majumbani. Watoto wadogo wa madrasa walikuja wenyewe bila ya kuitwa, kama watoto wajavyo palipo na jambo jipya, wakaketi majanini kushoto na kulia. Na kwa mbali, mikono mfukoni, alisimama yule kijana wangu wa juzuu 10. Hakukaribia, lakini alikuja.

Wakasema maalim aanze. Nikavua kanzu, nikabaki na shati, nikalishika shoka kwa mikono miwili, nikaliinua juu ya kichwa na kulitupa kwa nguvu zangu zote, kama mtu amfukuzaye nyani katika mahindi. Lilifika kwenye gogo kwa mpini, likaruka likaanguka kando. Wakacheka mpaka wengine wakalala chini, nami nikacheka pamoja nao. Na nakiri kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kucheka na vijana badala ya kuwakataza kucheka. Akatupa wa pili, akatupa wa tatu. Mpwa wangu akatuelekeza kwamba haihitaji nguvu nyingi: shoka liachiwe mikono ikiwa imenyooka mbele, bila ya kulipinda kwa kiwiko, nalo litazunguka mara moja tu hewani. Likizunguka kupita kiasi, mtupaji asogee mbele kidogo. Lisipotimiza mzunguko wake, arudi nyuma. Kwa namna hiyo, kwa mara ya kwanza, shoka moja likaingia katika gogo na kukaa, na sauti yake ilikuwa nzuri ajabu, na watu wote wakapiga takbiri.

Kisha akaja kijana mmoja na shoka la babu yake. Lilikuwa la mhunzi wa kwetu, chuma kizuri, makali kama wembe. Alilitupa vizuri, lakini liligonga gogo kwa kisogo. Mpini ulianguka chini, na kile chuma kikachomoka, kikaruka kikilia hewani, kikapita ubavuni mwa kichwa cha mtoto wa miaka saba aliyeketi majanini, kiasi cha mkono mmoja, kikajichoma ardhini nyuma yake. Mtoto hakulia. Aligeuka akakitazama kile chuma, kisha akanitazama mimi.

Msomaji wangu, yako mambo ambayo mtu huyaona kwa macho mara moja, na moyo ukayaona mara elfu. Nilikwenda nikamwinua yule mtoto, nikampapasa kichwa chote, hakuna jeraha. Nikawaambia watu wote warudi majumbani. Sikuweza kusema zaidi. Njiani nilisikia lile swali la sheikh wangu likitembea pamoja nami: na watoto watasimama wapi?

Baada ya Isha mama wa mtoto akaja mlangoni kwangu. Nilijitayarisha kupokea maneno makali, na nilistahili kuyapokea. Lakini hakupaza sauti. Alisema tu, “Maalim, mwanangu nilikuletea ili aongezewe. Sikukuletea ili apunguzwe.” Akaaga, akaenda zake. Lau angalinitukana ningalilala usiku ule.

Niliazimu jambo hilo limekwisha. Kama nilivyovunja vijiti vya watoto zamani, sasa nitavunja na haya mashoka, na watu watasema maalim alikuwa sawa tangu mwanzo. Lakini asubuhi, nilipotoka msikitini baada ya Alfajiri, nilimkuta yule kijana wangu amesimama nje, ana mashoka mawili mkononi. Hatukuwa tumesema neno tangu siku ile ya kwenye mashine. Akaniamkia, kisha, bila ya kuniuliza kama nataka kusikia, akaketi juu ya ukuta wa baraza na kuniweka darasani.

Akasema: “Tazama, Maalim. Hili ni la mhunzi. Chuma chake kina mkia, na mkia huo umepenyezwa katika tundu la mpini. Ukikata kuni, kila pigo linausukuma mkia ndani, likazidi kukaza. Kwa hiyo kwa kazi ni shoka jema. Lakini likitupwa likagonga kwa nyuma, pigo linausukuma mkia nje, na chuma kinatoka. Na hili la pili ni la kiwandani. Tundu limo katika chuma chenyewe, mpini umepita ndani yake, na juu umepigwa kabari. Hili haliwezi kutoka upesi, na kabla ya kutupa unalitazama kabari yake.” Nikamwuliza ameyajua wapi hayo. Akasema mwaka mzima amekuwa akimsaidia seremala mmoja kupasua magogo. Mimi sikuwa na habari. Nilijua ni siku ngapi hakuja chuoni, na sikujua alikuwa wapi.

Nililishika lile shoka la mhunzi nikaligeuza geuza. Wasomaji wa Bukoba wanajua kwamba pale Katuruka, karibu na Maruku, mtafiti wa Kimarekani Peter Schmidt pamoja na wazee wetu walichimbua mabaki ya tanuru za chuma, na kwamba wataalamu wamekadiria watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka 2000 iliyopita. Shoka la mkia ni mtoto wa elimu hiyo ndefu. Halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, nililolitia katika kazi isiyokuwa yake bila ya kuuliza wanaojua. Na sikuwauliza kwa sababu nilidhani katika uwanja ule mjuzi ni mimi.

Tukakaa sisi wawili mpaka jua likapanda, tukaweka kanuni. Ya kwanza, hutupwa mashoka ya kabari tu, na kila moja hukaguliwa kabla ya kuanza. Ya pili, hufungwa kamba, na kila asiyetupa hukaa nyuma yake, hatua 10 nyuma ya mtupaji. Hapana wa kuketi kando. Ya tatu, watoto wasiotimiza miaka 15 hawatupi shoka; wao wana mahali pao mbali, na mgomba wao wa kubiringisha, na mtu mzima wa kuwasimamia. Ya nne, hutupa mtu mmoja kwa wakati, na hapana aendaye kuchukua shoka mpaka msimamizi aseme. Ya tano, shoka halirushiwi mtu wala halikabidhiwi kwa makali. Anayelibeba hulishika kichwani, makali yakitazama chini. Hiyo ya tano haikutoka kwetu. Mtume (s.a.w.) amewaamuru wapitao msikitini au sokoni na mishale wazishike ncha zake, na amekataza kupeana upanga uliochomolewa. Nilikuwa nimeyasomesha maneno hayo mara nyingi, kama habari za watu wa kale. Sikujua kwamba yalikuwa yakiningojea rweyani. Nikamwambia yule kijana, “Msimamizi utakuwa wewe.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Inshallah.”

Kabla ya kuanza tena nilikwenda kwa yule mama, nikamwomba radhi mbele ya mumewe, nikamweleza kanuni zetu, nikamwambia kwamba asiporidhia hatutaendelea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, “Nitakuja mwenyewe kutazama hiyo kamba.” Na Jumamosi ile alikuja, akasimama kamba ikiwa kiunoni mwake, mikono kifuani, tangu mwanzo mpaka mwisho, na wala sijapata kuwa na mkaguzi mkali kuliko yeye.

Jumamosi ya nne ukaja mtihani mwingine. Vijana walikuwa wamekwisha zoea, mashoka yanaingia kwenye gogo mfululizo, na mmoja akapiga kelele, “Kila mtu aweke elfu moja, atakayeshinda azoe!” Wengi wakaitika, na mikono ikaingia mifukoni. Nikamtazama yule msimamizi wangu, kwani yeye ndiye aliyekuwa mtupaji bora, na fedha zile zingekuwa zake. Naye alikuwa akinitazama mimi. Zamani ningalipiga kelele ya haramu na kuwatawanya. Safari hii niliwaketisha majanini nikawaeleza: fedha ikitolewa na kila anayeshindana, na mmoja akazichukua zote, hiyo ni kamari ile ile ya mashine, ila haina taa. Lakini zawadi ikitolewa na mtu asiyeshindana, ili kuwatia watu moyo katika kutupa, hiyo wanavyuoni wetu wameiruhusu. Kisha nikasema, “Mimi leo sitatupi. Katika kibanja changu kuna mkungu wa ndizi uliokomaa, unamtosha mtu na watoto wake siku tatu. Ni wa atakayeshinda.” Wakashangilia kuliko walivyoshangilia zile fedha.

Alishinda yeye. Kati ya mara 10 alizotupa, tisa zilikaa, na tatu katika hizo zilikuwa ndani ya duara dogo. Akaujitwika ule mkungu begani na kuondoka. Baadaye nikasikia kwamba hakuupeleka kwao. Aliupeleka kwa mama wa yule mtoto, akauweka mlangoni bila ya kusema kitu.

Sasa, ndugu zangu, msije mkadhani nasimulia hadithi ambayo mwisho wake kila mtu ni mwema. Kijana huyo hajarudi chuoni kuendelea na juzuu ya 11. Juma lililopita nilimwona tena amesimama kwenye mlango wa duka lile la mashine, na sijui kama alikuwa akiingia au akitoka. Sikumwita. Lakini Jumamosi alikuja kabla ya watu wote, akafunga kamba, akakagua kabari, na ilipokaribia Magharibi, maji yalipokuwa yakipitishwa kwa ajili ya udhu, nilimwomba adhini. Aliadhini. Wanawake waliokuwa wakishuka na kuni zao walisimama, kama zamani.

Katika ile habari ya watu wa Aslam kuna kipande ambacho nilikuwa nikikipita haraka. Mtume (s.a.w.) alisema yuko pamoja na upande mmoja wa watupaji. Upande wa pili wakaacha kutupa, kwani wangetupaje hali yeye yuko na wenzao? Akawaambia watupe tu, yeye yuko pamoja nao wote. Mimi kwa miaka 30 nilikuwa upande wa waliokuja chuoni, na wale wengine, nadhani, walikuwa wameacha kutupa siku nyingi.

Basi enyi walimu wenzangu, na enyi wazazi mnaosoma ukurasa huu majumbani, sikuambieni mchukue mashoka. Aliye karibu na ziwa ana mitumbwi na kuogelea. Aliye na uwanja ana mpira na mbio. Aliye na mgomba tu, ana gurudumu la kubiringisha na vijiti vya kuchonga. Nasema hivi: kila mlango tunaoufunga mbele ya mtoto, na tumwonyeshe ulio wazi, na tuuingie pamoja naye, na kabla hatujaingia tujiulize watoto wadogo watasimama wapi. Saa kumi jioni huja kila siku, na haingoji sisi tupate jawabu.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyavunja kwa ujinga wetu, awahifadhi watoto wetu na kila baya, na awape vijana wetu furaha iliyo halali na wazee wa kufurahi pamoja nao. Amin.

Wabillahi taufiq.